Utambulisho na Kitambulisho: Uhakiki wa Maonyesho ya Sanaa ya Jamii kati ya Nyamitanga na Nakivale

Ikisiri

Maonyesho ya sanaa ya jamii yanayohusu wakimbizi hujinadi kwa maneno matatu: utambulisho, kumbukumbu na haki. Makala hii inayapima maneno hayo katika eneo moja la kusini-magharibi mwa Uganda, yaani mji wa Mbarara pamoja na kilima chake cha Nyamitanga, na makazi ya wakimbizi ya Nakivale wilayani Isingiro. Inadai kwamba mtindo uliozoeleka wa maonyesho hayo huliweka jeraha ng'ambo ya mpaka na kumwacha mwenyeji nje ya picha, ilhali matukio ya 1982 na 2010 yanaonyesha kuwa sehemu ya jeraha hilo ilitokea papa hapa. Hoja inajengwa kwa kulinganisha mtindo huo na hifadhi mbili za picha za Uganda na maonyesho machache ya ndani na nje ya nchi, na inatilia mkazo suala la lugha ya maelezo yanayobandikwa kando ya kazi.

Kilima na makazi

Nyamitanga iko ng'ambo ya Mto Rwizi kwa anayetoka katikati ya mji wa Mbarara. Wengi huijua kwa kanisa kuu la Mama Yetu wa Lourdes, makao ya Jimbo Kuu Katoliki la Mbarara, na kwa shule zilizokua kulizunguka. Nakivale iko kusini-mashariki ya hapo, karibu na mpaka wa Tanzania, kando ya ziwa lililoipa jina. Makazi hayo yalifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kuwapokea Watutsi waliokuwa wakitoka Rwanda, na yakatambuliwa rasmi mwaka 1960. Ni miongoni mwa makazi makongwe zaidi ya wakimbizi barani Afrika, na leo yana watu zaidi ya 100,000: Wakongo ndio wengi, kisha Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na Waeritrea.

Uganda inasifiwa kwa namna inavyowapokea watu hawa, na sifa hiyo ina msingi. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inawapa haki ya kufanya kazi na ya kutembea nchini, na katika makazi kama Nakivale familia hupewa kipande cha ardhi cha kujenga na kulima. Msomaji anayeijua hali ya kambi zilizofungiwa katika nchi jirani haoni haya kuwa mambo madogo. Lakini sifa nayo ina gharama katika sanaa. Mahali panaposifiwa kwa ukarimu, mgeni hutazamiwa kushukuru, na sanaa yake hutazamiwa hivyo hivyo.

Mtindo uliozoeleka

Siku ya Wakimbizi Duniani, tarehe 20 Juni, ndiyo siku ambayo sanaa ya makazi huonekana na wengi. Yapo mahema, viti vya wageni waalikwa, ngoma, hotuba, na meza za vikapu, mikeka, vitenge vilivyoshonwa na michoro. Kati ya michoro hiyo, aghalabu haukosi ule wenye pande mbili. Upande mmoja nyumba inaungua na mama anatembea na mzigo kichwani na mtoto mgongoni. Upande wa pili kuna kilima cha kijani, paa la bati linalong'aa, na mikono inayoshikana. Mpaka umepita katikati ya karatasi. Mauti yako kushoto, uhai uko kulia.

Si haki kumlaumu mchoraji. Mpangilio huo hakuuanzisha yeye. Kabla ya kuitwa msanii aliitwa mwombaji hifadhi, akakaa mbele ya maofisa na kusimulia: ulitoka wapi, nani alikufukuza, kwa nini huwezi kurudi. Hadithi inayokubaliwa katika mahojiano hayo ina umbo lake, na anayeomba hujifunza umbo hilo upesi, kwa kuwa maisha yake yanalitegemea. Onyesho linapomwomba tena "asimulie safari yake", mara nyingi humpa nafasi ya kurudia ushuhuda ule ule kwa rangi. Kazi inaweza kuwa nzuri kwa mkono na kwa jicho, na bado ikabaki jalada la ofisi lililotundikwa ukutani.

Hapa ndipo Kiswahili chenyewe kinapofanya uhakiki kuliko nadharia nyingi. Utambulisho, linalopendwa na waandalizi wa maonyesho, na kitambulisho, kinachodaiwa kwenye foleni ya mgao, ni watoto wa kitenzi kimoja: kutambua. Mkazi wa Nakivale hawezi kulisikia neno la kwanza asikumbuke la pili. Kwake, kutambuliwa hakuanzi na swali la "mimi ni nani". Kunaanza na "nani ameniandika, na katika orodha ipi". Tangu mgao wa chakula ulipoanza kutolewa kwa makundi ya uhitaji mwaka 2023, orodha hizo zimezidi kuwa na uzito. Onyesho linalozungumzia utambulisho bila kugusa karatasi, muhuri na alama za vidole limechagua nusu rahisi ya neno.

Nusu ngumu imeandikwa katika Katiba ya Uganda ya 1995. Jedwali la Tatu linaorodhesha jamii za wenyeji zilizokuwamo ndani ya mipaka ya nchi tarehe 1 Februari 1926, na Wanyarwanda wamo. Kwa hiyo watu wawili wanaosema lugha moja, wenye majina yanayofanana na wanaofuga ng'ombe wa aina moja, mmoja wao ni raia kwa kuzaliwa na mwingine ni mkimbizi, kutegemea babu yake alilala upande gani wa mstari mwaka huo. Isitoshe, Ibara ya 12 inamnyima mtoto wa mkimbizi aliyezaliwa Uganda njia ya uraia kwa kusajiliwa. Wapo Nakivale watu wazima ambao hawajawahi kuishi nchi nyingine, na sheria bado inawaita kwa jina la safari waliyoifanya wazazi wao.

Chombo kimoja chatosha kuonyesha jambo hili kuliko mabango kumi. Waganda wa Ankole hukiita chombo cha mbao cha kukamulia na kutunzia maziwa ekyanzi. Wanyarwanda hukiita icyansi. Jumba la makumbusho la Eriijukiro katika Kituo cha Utamaduni cha Igongo, Biharwe, nje kidogo ya Mbarara, limejengwa kuhifadhi urithi wa aina hii, na jina lake lina maana ya mahali pa kukumbuka. Vyombo viwili, kimoja cha Mbarara na kimoja cha Nakivale, vikiwekwa juu ya meza moja pasipo kuambiwa kipi ni cha raia, vingemtia mtazamaji katika mashaka ambayo katiba imeyakwepa kwa kutumia tarehe. Hilo lingekuwa onyesho kuhusu utambulisho.

Jeraha la hapa

Oktoba 1982, katika wilaya ya Mbarara ya wakati ule, iliyokuwa pana kuliko ya sasa, viongozi wa wilaya na vijana wa chama tawala waliwaendea watu walioitwa Wanyarwanda nyumba kwa nyumba. Makazi yalichomwa, ng'ombe wakaporwa, na makumi ya maelfu ya watu wakafukuzwa. Wengine walivuka kwenda Rwanda, hadi serikali ya huko ilipofunga mpaka na maelfu wakanaswa katika ukanda mwembamba huko Mirama. Wengine walisukumwa kuingia katika makazi ya Nakivale na Oruchinga. Miongoni mwa waliofukuzwa walikuwamo wakimbizi wa zamani, na walikuwamo pia raia wa Uganda. Jason Clay alilichapisha suala hilo katika ripoti ya shirika la Cultural Survival mwaka 1984, kwa hiyo halikuwahi kuwa siri ya wanahistoria.

Maana ya tukio hilo kwa mjadala huu ni nzito. Mwaka 1982 waliokuwa wakikimbilia Nakivale hawakutoka Kivu wala Bujumbura, walitoka Mbarara. Barabara ambayo leo hubeba magari ya mashirika na vikundi vya wageni wanaokwenda kutazama sanaa ya wakimbizi inaunganisha sehemu mbili ambazo mojawapo iliwahi kuizalisha nyingine. Mchoro wa pande mbili hauna mahali pa kuliweka jambo hili. Ukilazimishwa kulipokea, moto utahamia kulia.

Miaka 28 baadaye, Julai 2010, takriban Wanyarwanda 1,700 walikusanywa Nakivale na Kyaka, wakapakiwa kwenye malori na kurudishwa Rwanda kwa nguvu. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilipinga hadharani. Watu wawili walikufa baada ya kuruka kutoka kwenye malori. Waliobaki Nakivale wanaijua siku hiyo, hata wale wa mataifa mengine.

Swali la uhakiki si kwa nini mkimbizi hachori lori la 2010. Anayeishi kwa kibali ana sababu zake za kunyamaza, na kumshinikiza aseme ni kumtwika hatari ambayo mhakiki hataibeba. Swali linamhusu mwenyeji: kwa nini mwaka 1982 hauletwi na Mbarara yenyewe? Wapo wazee waliouona. Wapo waliowaficha jirani zao, na wapo waliochukua mashamba. Onyesho la kumbukumbu na haki likifanyika Nyamitanga, penye shule na kanisa na uhuru mkubwa zaidi wa kusema, lina wajibu ambao onyesho la Nakivale halina. Bila huo, neno haki katika mabango hubaki na maana ya hisani, na Kiswahili hakijawahi kuyachanganya maneno hayo mawili.

Hifadhi mbili za picha

Kwamba Uganda inaweza kufanya kazi ngumu ya aina hii, mifano ipo. Mwaka 2019 Jumba la Makumbusho la Uganda jijini Kampala lilionyesha takriban picha 150 za zama za Idi Amin, zilizochaguliwa kati ya negativu zipatazo 70,000 zilizogunduliwa katika Shirika la Utangazaji la Uganda. Wapigapicha wa serikali walikuwa wamepiga sherehe, mikutano, ziara na michezo. Mateso hayakuwamo. Waandalizi walikabiliwa na hifadhi iliyojaa tabasamu kuhusu utawala ulioua raia wake, na wakalazimika kuweka sehemu ya kuwakumbuka waliouawa na kuandaa mijadala ya hadhara kando ya picha. Mtu anaweza kubishana iwapo walifanikiwa. Picha kubwa za rais anayecheka zina nguvu ambayo maelezo madogo ya ukutani hayaifikii. Lakini walitambua kwamba hifadhi iliyokamilika kwa macho inaweza kuwa na pengo katikati, na kwamba pengo lenyewe ni la kuonyeshwa. Picha za Siku ya Wakimbizi, pamoja na mikono yake inayoshikana, siku moja zitakuwa hifadhi ya namna hiyo hiyo.

Mfano wa pili unatoka Mbarara, na pengine una manufaa zaidi. Musa Katuramu, mwalimu wa ufundi, alianza kupiga picha watu wa Ankole katika miaka ya 1930 na kuendelea kwa miongo kadhaa. Negativu zake zilitunzwa na familia, na baadaye zikafikia umma kupitia History in Progress Uganda, mradi ulioanzishwa mwaka 2011 na Andrea Stultiens na Canon Rumanzi, katika mfululizo wa vitabu na maonyesho unaoitwa Ebifananyi. Neno hilo la Kiganda kwa picha linajieleza lenyewe kwa msemaji wa Kiswahili: ni vitu vinavyofanana na mtu.

Ubora wa picha za Katuramu unatokana na uhusiano. Alipiga picha majirani, wanafunzi na marafiki, nao waliamua wasimame vipi na wavae nini. Hakuna anayeomba kitu. Ukiziweka kando ya picha za mkimbizi zinazojaza ripoti za misaada, tofauti haiko katika mwanga wala kamera. Iko katika nani aliyekuwa na kauli juu ya mwili wake. Vijana wa Nakivale wenye simu za mkononi hupigana picha kwa mtindo wa Katuramu kila Jumapili, wakiwa wamevaa vizuri, mbele ya ukuta uliopakwa rangi. Picha hizo hazitundikwi kwenye maonyesho ya utambulisho kwa kuwa hazionyeshi dhiki. Katika mizani ya makala hii, ndizo zinazostahili kutangulia.

Lugha iliyo ukutani

Kiswahili ndicho kinachomwezesha Mkongo kununua nyanya kwa Mrundi na kubishana na Msomali juu ya bei ya simu katika senta za Nakivale. Hata hivyo, maelezo yanayobandikwa kando ya kazi za sanaa kwa kawaida huandikwa kwa Kiingereza, lugha ya mfadhili. Masimulizi yanatolewa kwa Kiswahili, yanafasiriwa, yanafupishwa, na yanarudi ukutani yakiwa hayatambuliki na aliyeyasema. Aliyesimulia anasimama mbele ya maisha yake akimwomba mwanawe amsomee.

Kwa upande wa sera, kisingizio kimeondoka. Marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili, Baraza la Mawaziri likaazimia Julai 2022 kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shuleni, na mwaka huo huo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ikaingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mkongo wa Nakivale ni mwanajumuiya kabla ya kuwa mkimbizi, na amekuja na lugha ambayo Uganda inajitahidi kuwafundisha watoto wake. Ajabu ni kwamba hakuna anayemwita mwalimu.

Kuna ugumu wa kweli hapa. Kiswahili cha Nakivale ni cha Kivu kwa kiasi kikubwa. Kina batu na batoto, kina tulikuwaka, kina maneno ya Kifaransa yasiyojificha. Mhariri aliyelelewa katika Kiswahili sanifu atashika kalamu asahihishe. Akifanya hivyo atakuwa amefanya kile kile kilichofanywa na Kiingereza, kwa adabu zaidi. Maelezo ya kazi yanapaswa kubaki katika Kiswahili cha msimulizi, na usanifu uachiwe utangulizi wa waandalizi. Msimamo huu hautapendwa na kila mjumbe wa kongamano la Kiswahili, lakini lahaja ya mtu aliyefukuzwa kwao ni sehemu ya mali aliyofanikiwa kutoka nayo.

Ugumu wa pili uko Mbarara. Kwa wazee wengi wa kusini na magharibi mwa Uganda, Kiswahili ni lugha ya kambi ya jeshi. Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na kilisikika kwenye vizuizi vya barabarani. Ukutani Nyamitanga, sentensi ya mama kutoka Kivu itasomwa na mtu ambaye aliwahi kuamrishwa alale chini kwa lugha hiyo hiyo. Mwandalizi mwoga angeikwepa hali hiyo kwa kurudi kwenye Kiingereza. Mwandalizi makini ataona kwamba hapo ndipo mwenyeji na mgeni wanapokutana kwa mara ya kwanza wakiwa na jeraha kila mmoja, na lugha yenyewe imekuwa kazi ya sanaa iliyo ukutani.

Nani anasafiri

Mwaka 2022 Uganda ilipata banda lake la kwanza la kitaifa katika Maonyesho ya Venice, na kazi za Acaye Kerunen na Collin Sekajugo zikatajwa kwa heshima maalumu na majaji. Kerunen hutumia ususi wa wanawake wa vijijini, nyuzi za migomba na ukindu, yaani mali ghafi zile zile ambazo mezani Nakivale huuzwa kwa kipande na kuitwa kazi za mikono. Somo si kwamba mkeka wa Nakivale uende Italia. Somo ni kwamba mstari kati ya sanaa na ususi unachorwa na anayeandaa meza.

Safari zenye maana zaidi ni fupi. Kambini Dzaleka nchini Malawi, Tamasha la Tumaini, lililoanzishwa mwaka 2014 na msanii wa Kikongo anayejulikana kama Menes la Plume, liligeuza mwelekeo: Wamalawi ndio wanaokwenda kambini, na baadhi hulala katika nyumba za wakimbizi. Mkimbizi anakuwa mwenyeji, naye raia anaomba maji ya kunawa. Nchini Uganda, onyesho la Travelling Testimonies la Refugee Law Project lilipelekwa katika maeneo yaliyoathiriwa na vita, likikusanya vitu na masimulizi mapya lilipofika. Jumba la makumbusho la District Six, Cape Town, lilitandaza ramani ya mtaa uliobomolewa juu ya sakafu, na waliofukuzwa wakaandika wenyewe mahali zilipokuwa nyumba zao. Ramani ya wilaya ya Mbarara ya 1982, ikitandazwa Nyamitanga na kalamu ikawekwa kando, haingehitaji ufadhili mkubwa. Ingehitaji ujasiri wa mwenye ukumbi.

Yapo pia mambo ya nauli. Mkazi wa Mbarara anayetaka kuingia Nakivale kama mtafiti au mwandalizi wa onyesho anahitaji kibali cha Ofisi ya Waziri Mkuu. Mkazi wa Nakivale anayetaka kwenda Nyamitanga ana haki ya kisheria ya kusafiri, lakini hana fedha ya gari la kwenda na kurudi, wala mtu wa kumlindia shamba siku hiyo. Katika bajeti za maonyesho, kuna fungu la uchapaji wa mabango, la vitafunio na la mpigapicha. Fungu la kumleta aliyechora aje aone kazi yake ukutani, akae hadi jioni, na arudi nayo nyumbani akitaka, linafaa liandikwe kwanza, juu kabisa ya ukurasa, kabla ya mwandalizi kujua atabakiwa na kiasi gani.